Dhumuni la Barua Hii ni Kuwajulisha Kwamba Nimelowa

Shikamoo mama. Shikamoo mjomba. Shikamooni wakubwa wote mliokaa hapo chini ya mwarobaini, na ninyi wadogo, marahaba. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu ninyi mlio mbali na upeo wa macho yangu. Dhumuni la barua hii ni kuwajulisha kwamba nimelowa.

Sijanyeshewa kama mtu aliyekatiza kutoka stendi kwenda sokoni. Nimelowa mpaka noti iliyokuwa ndani ya pochi, pochi ndani ya mfuko, mfuko ndani ya koti, imegandana na kitambulisho cha chuo na vyote viwili vimekataa kuachana. Vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda akifua. Namwomba mdogo wangu anayewasomea barua hii kwenye simu asome polepole, asiruke mistari, na pale nitakapoandika "hapa usisome," asisome. Nakujua wewe.

Naandika kutoka Goes, mji mdogo wa mkoa wa Zeeland, kusini-magharibi ya Uholanzi. Jina linaandikwa hivyo, lakini wenyewe wanalitamka "Khuus," kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. Soksi zangu zinaning'inia juu ya hita ya ukutani na chumba kizima kinanuka mbuzi.

Najua swali la kwanza litatoka kwa mjomba. Mwaka jana nilipowaambia nimenunua baiskeli, aliuliza kwa upole, "Kwani masomo yamekushinda?" Na kabla ya hapo, nilipomwambia nakwenda chuoni Wageningen kusomea udongo, alinyamaza kidogo, akasema udongo upo hata kwetu Mwabuzo, tena wa bure. Leo naongeza la tatu. Nimepata siku saba za mapumziko, na badala ya kulala nimefunga begi kushoto na begi kulia mwa baiskeli, nikaondoka peke yangu kuelekea baharini. Hakuna msiba ninaouwahi. Hakuna ninayemdai. Sina mzigo wa kuuza. Nakanyaga, nafika, nalala, kesho yake nakanyaga tena. Wenyewe wanauita utalii.

Kwetu mtu akionekana anakanyaga baiskeli siku tatu mfululizo peke yake, watu hujiuliza mawili tu: anauza nini, au amemkimbia nani. Baiskeli Usukumani ni mfanyakazi. Imebeba magunia ya pamba, imebeba mkaa, madumu ya maji, mgonjwa wa kuwahishwa hospitali, na bibi harusi aliyekaa upande akishikilia gauni lisiingie kwenye spoku. Kabla bodaboda hazijajaa, ndiyo ilikuwa daladala yenyewe: abiria anakaa kwenye keria lililoshonewa sponji, mkifika kwenye mwinuko anashuka mnasukuma wote wawili, na nauli haipungui hata shilingi. Kwa hiyo baiskeli isiyobeba chochote ila nguo za kubadilisha za mwenye nayo ni sawa na punda aliyetolewa matembezi.

Nisiseme uongo, hazikuwa nguo tu. Nilikuwa na yale matobolwa ya mama, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kilo mbili kamili, yaliyofika kwa mkono wa mtu. Nitayarudia baadaye, na mtaumia.

Nchi hii, mjue, ina watu wapatao milioni 18 na baiskeli zaidi ya milioni 23. Kila mwaka jiji la Amsterdam huopoa baiskeli zaidi ya elfu kumi kutoka kwenye mifereji yake, nyingine zikiwa na kengele na taa. Fundi wetu wa pale stendi asisikie habari hii akiwa hajala.

Siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Nilifuata tuta la mto Rhine mpaka Rotterdam, nikaingia visiwani, usiku wa pili nikalala Ouddorp. Asubuhi ya siku ya tatu mbingu zilikuwa na rangi ya sufuria. Mwenye nyumba akatazama simu yake, akaniambia mvua itaanza saa 3 na dakika 42.

Nikacheka moyoni. Kwetu mvua hutabiriwa na magoti ya bibi, na kumbikumbi, na upepo unaogeuka jioni. Hakuna anayethubutu kutaja dakika. Enzi za watemi, mvua isiponyesha lawama ilikuwa ya mtemi, na wapo waliong'olewa kwenye kiti kwa sababu ya ukame. Huku kazi ya mtemi imechukuliwa na simu. Saa 3 na dakika 40 tone la kwanza likanipiga puani. Simu ilikosea kwa dakika mbili nzima na bado iko madarakani.

Tone hilo lilinikuta mahali pabaya. Kuna ukuta unaoitwa Brouwersdam, uliokamilika mwaka 1971, kilomita sita na ushee, unaounganisha kisiwa na kisiwa. Kulia ni Bahari ya Kaskazini, kushoto ni ziwa ambalo zamani lilikuwa bahari hiyohiyo kabla hawajaifungia mlango. Pale nilipokuwa hapakuwa na mti wala kibanda cha muuza soda, hata kichaka cha mtu kujisitiri hapakuwa nacho. Na mvua ya pale hainyeshi, inapita. Inatoka baharini ikiwa imelala, inaingia sikio la kulia, na naapa niliisikia ikitafuta pa kutokea upande wa kushoto.

Nilikuwa nimevaa koti la mvua na suruali ya mvua vya bei nisiyoweza kuitaja mbele ya watu wanaodaiwa michango. Mvua haikuingia, lazima niseme haki. Jasho ndilo halikutoka. Baada ya nusu saa ndani kulikuwa na masika yake na nje masika yake, mimi katikati kama ukuta wa tembe.

Hapo ndipo bibi mmoja, umri wa bibi yetu mkubwa au zaidi, akanipita. Wima. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine mfukoni. Baiskeli yake ilikuwa ya umeme, lakini hilo nililitambua alipokwisha kupita. Kwa wakati ule nilijua tu kwamba nimepitwa na ajuza kwenye upepo. Nikamwamkia shikamoo, kwa mazoea. Akadhani naomba msaada, akapunguza mwendo, akauliza kuna nini. Kwa Kidachi changu cha kuokoteza nikasema mvua ni nyingi. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, akaniambia maneno ambayo huku huambiwa mtoto anayelilia kubaki nyumbani: "Wewe si sukari." Akaenda zake.

Nimeyatafuna maneno hayo kilomita tatu. Ni kweli mimi si sukari. Kwa bei ya sukari hapo kwetu Mwanhuzi, ningekuwa sukari nisingeachwa nje. Lakini nilipoteremka kutoka kwenye ukuta na kuingia kisiwa cha Schouwen-Duiveland, nikakuta mashamba ya viazisukari kulia na kushoto. Ndivyo wanavyotengenezea sukari yao huku, hawana miwa. Vimekaa matopeni shingoni, vinanyeshewa kama mimi, wala havina koti. Yaani huku hata sukari yenyewe si sukari.

Mama, wewe ulitulea kwamba mvua haitukanwi. Ikikukuta umeanika mtama, unakimbia kuuanua, unaanguka, unachafuka, lakini husemi "mvua gani hii." Unasema karibu. Mtu wa kwetu Meatu hawezi kuwa na maneno mengine, hasa wale wa kusini kuelekea mto Sibiti, ambako mvua ya mwaka mzima huweza kuishia kwenye milimita 400. Basi nikajiapiza pale barabarani: huku nitalowa, nitatetemeka, lakini mdomo nitaulinda. Wenzangu wa chuo hushangaa. Wao wakiamka wanaisema vibaya mvua kabla hawajasalimiana.

Na ukiitazama kwa vipimo, mvua yao si ya kutisha. Uholanzi hupata kama milimita 850 kwa mwaka. Bukoba hupata zaidi ya mara mbili ya hizo, na Wahaya, ambao hujisifia mengi, hata hawajalitaja hilo. Tofauti ni mgao. Kwetu Mungu humwaga ndoo nzima, halafu huondoka na ndoo yake. Huku anatumia kijiko, kutwa kucha, Januari hadi Desemba, kama anayemnywesha mtoto dawa.

Zierikzee ni mji mzuri wa kale, una mnara mnene na milango ya ngome. Niliuona kupitia matone ya miwani kwa hiyo msiniulize zaidi. Niliingia mgahawani kunywa kahawa. Kila aliyeingia baada yangu alikung'uta mwavuli na kusema neno moja, hondenweer, maana yake hali ya hewa ya mbwa. Nikachungulia nje. Mbwa pekee aliyekuwepo alikuwa amevaa koti la mvua lililoshonwa kwa kipimo chake, na halikuwa likivuja. Chini ya kiti changu kilikuwa kimeanza kukusanyika kidimbwi. Mhudumu akaja na dekio, akapangusa bila kusema neno, akaniachia dekio hapohapo.

Sasa fundi, sehemu inayofuata ni yako. Kama yupo karibu aitwe.

Kutoka Zierikzee nilikuwa naelekea kijiji cha Ouwerkerk, nikaona njia ya mkato katikati ya mashamba. Mtu aliyezaliwa Mwanhuzi akionyeshwa njia ya mkato hana nguvu ya kuikataa. Hatua mia mbili za kwanza zilikuwa majani. Kisha ukaanza udongo mtupu, wa kijivu, unaong'aa, ambapo trekta lilikuwa limepita kubeba viazisukari. Nikasema nitauvuka kwa kasi. Ndipo nikausikia ule mlio. Fundi, unaujua: fwaa, fwaa, fwaa, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Udongo umeingia kati ya tairi na madigadi. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi, cheni ikalia, gurudumu la nyuma likagoma kabisa. Nikashuka. Kiatu cha kulia kikanyanyuka na kilo mbili. Cha kushoto hakikunyanyuka, ulinyanyuka mguu.

Nikasimama pale na soksi moja, nikainama, nikaushika ule udongo, nikaufinya. Jamani, hii ni mbuga! Mbuga yetu ileile, ambayo masika baiskeli haikubebi ila wewe ndiye unayeibeba begani, mpaka nyumbani, na mtoto mgongoni, na bado unasalimia njiani. Rangi tu ndiyo imepauka kwa kukaa Ulaya.

Mjomba, hapa ndipo karo yangu inapofanya kazi. Huu wa huku ni mfinyanzi wa bahari, umeletwa na maji kujaa na kupwa, karne baada ya karne. Wetu umejikusanya mabondeni, ukiteremka kidogokidogo kutoka kwenye vilima vyenye mawe. Hawajawahi kukutana, lakini tabia ni moja: ukikauka unapasuka nyufa za kumeza jembe, ukilowa unashika chochote kinachopita. Na majina mliyonifundisha, luseni wa kichanga, ibambasi unaokataa maji, mbuga ya bondeni, nimeyakuta kwenye vitabu vya maktaba huku, yameandikwa vilevile kwa Kisukuma. Ule udongo wa bure wa Mwabuzo, mjomba, una wasomi wake.

Nikatafuta kijiti cha kukwangulia. Nchi hii haina kijiti. Miti imepandwa kwa mstari na kila tawi lililoanguka limeokotwa. Nikaipindua baiskeli, kiti chini magurudumu juu, nikatoa kijiko changu cha chai, nikaanza kazi. Kipande kwa kipande, kama anayemtoa mtoto nta masikioni. Udongo mwingine nikauweka kwenye kifuko cha nailoni. Nimekuja kuusomea, ningefanyaje. Trekta likasimama. Mkulima akakaa juu yake akinitazama muda mrefu: mtu mweusi, soksi moja, mvua inanyesha, anachokonoa baiskeli kwa kijiko na kutia shamba lake mfukoni. Akauliza kama nahitaji msaada. Nikamjibu kwamba hapana, huu udongo ni ndugu yangu. Akasema basi niuchukue wote.

Ouwerkerk niliingia jumba la makumbusho kwa sababu moja ya aibu: lina paa. Sikujua ninaingia wapi. Usiku wa kuamkia Februari 1, mwaka 1953, dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilivunja matuta ya visiwa hivi ninavyovikatiza, watu wakiwa wamelala. Uholanzi walikufa 1,836. Kwenye jumba lenyewe hawaiandiki hesabu hiyo hivyo. Wanaandika 1,835 kujumlisha mmoja, na huyo mmoja ni kichanga kilichozaliwa usiku uleule wa maji na kufa usiku uleule. Nilisimama mbele ya hesabu hiyo maji yakinidondoka kofiani. Yalikuwa na sauti kubwa kuliko nilivyopenda.

Tundu la mwisho la matuta yale lilizibwa hapohapo Ouwerkerk, Novemba 1953, kwa kuzamisha makasha manne makubwa ya zege, kila moja likiwa na urefu wa mita 60 na ushee. Makasha ya aina hiyo yalibuniwa na Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa ajili ya bandari za muda za kuteremshia majeshi Ufaransa mwaka 1944. Jumba la makumbusho limo ndani ya makasha hayo manne. Na makasha hayo yanaitwaje? Mjomba, shikilia kiti. Yanaitwa Phoenix.

Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akasogea. Ningemweleza nini? Kwamba marehemu baba alikuwa na Phoenix? Kwamba nilijifunza baiskeli kwa kupitisha mguu chini ya bomba la Phoenix, nimejipinda kama ngadu, kwa sababu kiti kilikuwa juu kuliko kichwa changu? Kwamba Phoenix hiyo ilibeba pamba mpaka mnadani na ikarudi na mabati? Nilijua siku zote kwamba Phoenix haishindwi mzigo. Sikujua kwamba Wazungu waliwahi kuziba nayo bahari.

Nikatoka. Bado kijiko cha mbinguni kilikuwa kinanyunyiza.

Kutoka kisiwa hicho kwenda cha pili kuna daraja, Zeelandbrug. Lilipofunguliwa mwaka 1965 lilikuwa refu kuliko yote Ulaya: mita 5,022. Mnakumbuka kabla ya daraja la Sibiti, kwenda Singida wakati wa masika ilikuwa safari ya kuagana na ndugu. Sasa lipo, unalivuka kwa pumzi moja. Hili la huku pumzi moja haikufikishi popote. Tena mwanzoni kuna kipande kinachoinuliwa ili mashua zenye milingoti mirefu zipite, na kilinisubiri mimi. Kengele ikalia, kizuizi kikashuka mbele ya pua yangu, barabara ikasimama wima kama mlango. Kwa chini ikapita mashua moja, taratibu, ndani yake mtu mmoja aliyelowa. Akanipungia. Nikampungia. Watu wawili ambao hakuna aliyewatuma.

Barabara ikalala, nikaanza kukanyaga. Upepo ulikuwa wa mbele, wa mvua, na daraja halina ukuta wa kukinga. Gia ndogo kuliko zote. Mwendo wa mtu anayekwenda kulipa deni. Nilipofika katikati sikuona nilikotoka wala niendako, maji chini, maji juu, na mimi kati yake nikiwa maji pia.

Huko magharibi, siku yenye jua, ungeuona ukuta wa Oosterschelde, kilomita 9, wenye milango 62 ya chuma inayoshushwa bahari ikichafuka. Ulizinduliwa Oktoba 1986, na kilichosababisha ujengwe ni ile gharika ya 1953. Juu ya ukuta huo, tangu mwaka 2013, Waholanzi hufanya mashindano ya taifa ya kuendesha baiskeli dhidi ya upepo. Sitanii. Hawapangi tarehe mapema. Wanasubiri upepo uwe mbaya kabisa, ndipo wanatangaza ghafla na watu wanakimbilia huko. Kilomita 8.5, upepo usoni, kwa baiskeli nzito za kukaa wima zisizo na gia hata moja. Yaani baiskeli za kwetu! Kijana aliyezoea kutoka Mwandoya na gunia kwenye keria wakati upepo wa Agosti unapeperusha mabati, akiletwa hapa bila gunia atapita mstari wa mwisho akidhani bado wanapasha misuli. Walimu wa michezo wa mkoa walifikirie hili.

(Hapa usisome.) Karibu na mwisho wa daraja gari kubwa lilinipita upande wa barabara ya magari, likachota maji yote yaliyokuwa yamelala lami na kunimwagia kuanzia utosini. Nikaitukana mvua. Si gari, mvua. Nilitumia neno lile ambalo bibi yetu alilitumia mara moja tu, kwa mbuzi aliyekula hati ya kiwanja. Nililitamka kwa Kisukuma, kwa sauti, nikiamini mvua ya huku haikijui. (Endelea kusoma.)

Basi nikavuka salama, namshukuru Mungu, nikapita kisiwa cha Noord-Beveland bila kukiona, na jioni nikafika Goes. Mwenye nyumba ya wageni alifungua mlango, akanitazama, akarudi ndani bila kusema kitu. Nikadhani nimekataliwa. Akarudi na magazeti, akayatandika kuanzia kizingitini mpaka bafuni, nikapita juu yake taratibu kama bwana harusi.

Sasa matobolwa. Nilikuwa nimeyaweka kwenye begi ambalo muuzaji, dukani nisikokutaja, aliniapia kwamba halipitishi maji. Hakusema uongo. Maji yaliyoingia hayakutoka. Nilipofungua nikakuta matobolwa yamekunywa kutwa nzima, yamevimba, yamenona, yamerudi kuwa viazi kama vile hayajawahi kuliona jua. Mama, zile siku zote ulizoshinda ukiyageuza juu ya mwamba na kuwafukuza kuku, Uholanzi imezifuta kwa siku moja.

Sikuyatupa, nitathubutuje. Niliomba sufuria, nikayapasha na karanga za kusaga, nikamkaribisha mwenye nyumba. Akala, akanyamaza, akaongeza. Akauliza hivi viazi vitamu vya namna hii nimevinunua wapi. Nikamweleza: vilichemshwa, vikakatwa, vikaanikwa wiki nzima, vikapanda ndege, vikapanda baiskeli, vikalowa. Akafikiri kidogo, akauliza kwa nini hamkuvila siku ileile vilipochemshwa. Nikamwambia kwetu kuna miezi ambayo shamba halina kitu. Akasema aa, akanisogezea sufuria.

Nje bado inanyesha. Simu inasema itakatika saa 7 na dakika 15 usiku, na siku hizi naiamini. Kesho nakwenda mpaka Vlissingen kuiona bahari kwa heshima, halafu narudi kwa treni; msimwambie mjomba habari ya treni, atasema alijua.

Mtu akipatikana anayekuja huku, nitumieni matobolwa mengine. Yafungeni nailoni mbili, na ya tatu mtie nailoni tupu, nitaivaa mguuni.

Na jambo moja ambalo mdogo wangu anajua sababu yake. Huu ni mwezi wa 10, najua mnatazama mawingu. Mvua ikianza kunyesha hapo Mwanhuzi, hata kama ni ya kutuliza vumbi tu, nijulisheni siku hiyohiyo. Ikichelewa msinitafute.

Wasalaam. Ni mimi mtoto wenu, ambaye mpaka naandika mstari huu sijakauka.